Tepu Nyeusi Kwenye Swichi ya Tatu

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikifika pale kwenye mayai sitaki kusikia mtu akicheka, nimewaomba mapema. Hii aibu nimeificha tangu Julai, na hata mama yangu kule Mwingi anajua tu kwamba mambo ya Kinoo hayakuwezekana, hajui kwamba yaliharibiwa na mtoto wake mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiwa mzima na akili zake zote anazozijua.

Kwanza mnielewe nilivyo. Kaka yangu mkubwa ni injinia, anakaa Kileleshwa kwenye fleti yenye lifti, na mimi nilikosa alama chache za kuingia kozi kama yake nikaishia kusomea utunzaji wa kumbukumbu, sasa niko ofisi fulani ya serikali hapo katikati ya jiji, ghorofa ya chini kabisa, napanga mafaili ambayo hakuna mtu huyaulizia. Nyumbani ukisikia mtu anaitwa kichwa, ni kaka yangu, mimi naitwa Mwendwa tu. Kwa hivyo nikajitafutia cheti changu pembeni, nikaingia kwenye kundi moja la simu ambapo watu wanatumiana mafumbo ya mantiki na ya fizikia kutwa kucha, na huko, jamani, niliogopwa. Kuna lile la boti: boti iko bwawani, ndani kuna jiwe zito, ukilichukua hilo jiwe ukalitupa majini, maji ya bwawa yatapanda au yatashuka? Kaka yangu injinia alisema yatapanda. Yanashuka. (Msiniulize kwa nini, nikianza kueleza hatutamaliza leo.) Siku hiyo nilitoka kwake Kileleshwa nikatembea kwa miguu mpaka kwangu Satellite, nacheka peke yangu njia nzima, watu wakinipisha.

Nyambura nilimpata kwa hayo hayo mafumbo. Alikuwa anauza dawa kwenye duka moja la dawa hapo mjini karibu na ofisi yetu, kila nikienda kununua dawa ya kichwa ambayo sikuihitaji ninamwachia fumbo, kesho narudi kuchukua jibu. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaniambia, "Mum anataka kukuona. Na usijali, nimemwambia wewe ni kichwa." Hebu fikirieni. Kuna nyumba moja hapa duniani ambapo kichwa ni mimi, na nyumba yenyewe ndiyo ninataka kuoa.

Basi tukaenda Kinoo Jumamosi moja ya ile baridi ya Julai ambayo ukipumua unaona moshi. Mama Nyambura ni mjane, analea kuku nyuma ya nyumba na kuuza vifaranga, na kwa hizo hizo pesa za kuku ndio amesomesha watoto wote watatu. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniita mwanangu kabla sijakaa, kisha akarudi nje kupika. Sebuleni nikabaki na Nyambura, shangazi zake wawili, na mjomba wake, mzee mmoja mpole, fundi wa umeme, ambaye hakuongea sana ila alinitazama kama mtu anayesoma mita.

Shangazi mmoja akasema, "Haya kichwa, tunasikia huko mjini hakuna fumbo linakushinda. Hebu tupatie moja."

Hapo ndipo ningesema, "Shangazi, tukule kwanza." Maneno matatu tu, na leo ningekuwa mume wa mtu. Badala yake nikawapa lile la swichi tatu: uko chini, kuna swichi tatu, moja kati yao inawasha balbu iliyo chumba cha juu ambayo huioni, unaruhusiwa kupanda mara moja tu kuiangalia, utajuaje ni swichi gani? Shangazi wakajaribu wakashindwa. Nyambura alikuwa analijua, akanyamaza akitabasamu ili nipate sifa zangu. Mjomba akafikiria, akasema, "Mimi ningeuliza mwenye nyumba."

Walicheka mpaka shangazi mmoja akashika kiti. Nami nikacheka, lakini kwa ndani ilinichoma, nikajibu (nasikia sauti yangu mpaka leo, sauti ya mwalimu wa zamu), "Hapana, mjomba. Kuuliza hairuhusiwi. Hapo ndipo akili inaonekana."

Nikawapa jibu. Unawasha ya kwanza dakika tano, unaizima, unawasha ya pili, halafu unapanda: balbu ikiwa inawaka ni ya pili, ikiwa imezima lakini ina moto ni ya kwanza, ikiwa baridi ni ya tatu. Unaigusa tu. Shangazi wakapiga makofi. Lakini mjomba akatikisa kichwa polepole, akasema, "Siku hizi haiwezi. Hizi balbu za siku hizi hazishiki moto."

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Mngesema ni kweli. Mimi nilisimama, nikasema nitawaonyesha sasa hivi, kwa sababu nilipoenda kunawa nilikuwa nimeona swichi tatu kwenye korido na bafu liko mwisho wa hiyo korido, yaani ni kama fumbo lilikuwa limejengwa pale likinisubiri. Tena nikaweka masharti: wote wabaki sebuleni, mtu asinifuate, asinisaidie hata kwa macho. Nyambura akasema, "Aki Mwendwa, wacha tu, chakula iko karibu." Nikamwambia dakika sita.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Fumbo linaanza swichi zote zikiwa zimezimwa. Nilipofika koridoni, mbili zilikuwa zimezimwa na ya tatu ilikuwa imewashwa, na juu yake kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi, kimebandikwa kuvuka swichi kutoka juu mpaka chini. Nikaitazama ile tepu. Siwezi kuwadanganya kwamba sikuiona. Nikaing'oa kwa ukucha, nikazima swichi, na tepu ikanishika kwenye mkono wa koti nisijue. Halafu nikawasha ya kwanza, nikaanza kuhesabu dakika zangu tano kwa saa ya simu, nikiwa nimetulia kabisa.

Nikaizima, nikawasha ya pili, na kule bafuni nikakuta balbu imezima. Vizuri sana, nikasema, sasa ni kugusa. Nikapanda kwenye ukingo wa ndoo, nikanyoosha mkono, nikaigusa: baridi. Nikapiga kelele kutoka kule kule, "Ni ya tatu!" na kwa ile furaha nikashuka bila kuangalia, mguu mmoja ukaingia mpaka goti kwenye beseni ambalo Mama Nyambura alikuwa ameloweka shuka zake kwa sabuni. Nikarudi sebuleni suruali ya kwenda kwa wakwe ikidondosha povu, soksi inalia kwacha kwacha, na mjomba bila kuinuka akasema kwa upole, "Ni ya kwanza, kijana. Hii nyumba waya niliweka mimi."

Nilidhani hiyo ndiyo aibu. Kwa kweli nilidhani nimefika mwisho, na kwa saa nne zilizofuata nilikaa pale nikila mukimo na nyama, mguu mmoja ukiwa na baridi, nikichekelea mzaha wa shangazi na kutafuta namna ya kuwaambia kwamba zamani, na balbu za zamani, ningekuwa sahihi. Mambo ya swichi ya tatu yalikuwa yametoka kichwani kabisa. Mama Nyambura hakuudhika hata kidogo kuhusu shuka. Aliniletea taulo yeye mwenyewe, akasema, "Mtu wa akili nyingi hakosi mambo yake." Alikuwa amenikubali, jamani. Nyambura alinifinya kidole chini ya meza kunijulisha.

Karibu saa kumi na moja, baada ya maombi, Mama Nyambura akafuta mikono akasema hatutatoka kabla hajanionyesha kazi yake. Akatupeleka stoo nyuma ya nyumba, mlango akafungua polepole kama mtu anayeingia kwa mtoto aliyelala. Ndani kulikuwa na sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, mashine ya kuangulia mayai ambayo mjomba alimtengenezea kwa mikono yake, na ndani trei mbili za mayai, sitini. Yalikuwa yafikishe siku zake kesho yake. Asubuhi, akatueleza, mengine yalikuwa yameanza kupasuka, na ukiweka sikio unasikia vifaranga wakilia ndani ya mayai, akasema hiyo ndiyo sauti anayoipenda kuliko zote, na wote wameshaagizwa na akina mama wa kanisa lake.

"Nyamazeni msikie," akasema.

Tukanyamaza, watu sita, tumeinamisha vichwa, tukingoja. Hakukuwa na sauti. Nikamwona Mama Nyambura akikunja uso, akikaribia zaidi, halafu akaona kwamba ndani ya sanduku kuna giza. Akafungua kidirisha, akaingiza mkono, akagusa balbu. Maana mle ndani, wenzangu, kulikuwa na balbu mbili za kizamani, zile za waya ambazo zinashika moto, mjomba alizitafuta kote ili zitie mayai joto. Katika nyumba nzima balbu zilizokuwa zinafaa fumbo langu zilikuwa hizo mbili peke yake.

"Ni baridi," akasema Mama Nyambura. Kisha akamgeukia kaka yake, "Stima imepotea saa ngapi?"

"Haijapotea," mjomba akasema. Sebuleni taa ilikuwa inawaka. Akaenda koridoni, tukasikia swichi ikilia *tak*, na sanduku likawaka mbele yetu, mayai yote yakaonekana yametulia. Akarudi akauliza kwa sauti ile ile ya upole, "Nani ametoa tepu yangu?"

Shangazi mmoja alinyoosha mkono tu, akaibandua kwenye koti langu.

Nawaambia ukweli, hata hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningepiga magoti. Ningesema, "Mama, ni mimi, nisamehe." Lakini ninavyojijua mimi mjinga, nilifungua mdomo nikaanza kueleza kwamba yai halipotezi joto mara moja, kwamba ganda lina namna yake ya kulihifadhi, kwamba mayai mengi yakiwa pamoja hupoa polepole kuliko moja, kwa hivyo ukipiga hesabu kwa saa nne... Nikatazama, Mama Nyambura alikuwa ameshika yai moja amelibandika sikioni, na machozi yanamtoka.

"Ngai," akasema kwa sauti ndogo, akimwita Mungu. "Huyu alikuwa ametoa mdomo."

Wakaanza kukimbizana, jiko likaletwa, mablanketi, madumu ya maji moto. Nikauliza nisaidie nini. Mama Nyambura akaniambia, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo inaniua mpaka leo, "Wewe kaa tu, mwanangu. Kaa." Nikakaa kwenye gunia la chakula cha kuku, suruali bado mbichi, nikiangalia watu ambao, ukimtoa Nyambura, hawajawahi kufumbua hata fumbo moja wakijua kila mmoja la kufanya.

Nyambura alinisindikiza mpaka barabarani, Waiyaki Way, magari yakipita. Tulipofika akasimama akaniuliza, "Ulipoona ile tepu, ulifikiria ni ya nini?"

Swali dogo hivyo. Mimi wa boti na jiwe. Na kwa sababu nilikuwa nimechoka kudanganya nafsi yangu, nikamjibu ukweli, "Nilifikiria ni mambo ya watu wasiojua."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. "Watu wasiojua," akasema. "Sawa." Hakulia, hakunitukana. Akageuka akarudi kusaidia mama yake, na nikajua kabla hajavuka lango kwamba nimekwisha.

Walitoka vifaranga tisa. Alinitumia ujumbe Jumatatu: "Tisa." Baada ya hapo nikipiga simu hashiki, na pale dukani niliambiwa amehamishiwa tawi lingine, hawawezi kuniambia wapi. Nilimwandikia mama yake barua ya kuomba msamaha, akamwambia mjomba anipigie aniambie amenisamehe na ananiombea, nisijisumbue kurudi. Nimetoka kwenye lile kundi. Kaka yangu ananiuliza kwa nini siku hizi simletei mafumbo, namwambia nimechoka. Ukweli ni kwamba miaka yote hiyo nilifikiri akili ni kujibu bila kuuliza, na niliifanyia mazoezi mpaka nikawa bingwa. Nimeapa sigusi swichi ya mtu tena. Hata kwa kinyozi nikitaka feni izimwe, naomba.

Ile tepu shangazi alinirudishia mkononi, nami niliondoka nayo mfukoni. Nimeibandika nyumbani kwangu Satellite, kwenye swichi ya taa ya mlangoni, kuvuka kutoka juu mpaka chini vile vile ilivyokuwa. Wameshakuja wageni wengi tangu Julai, majirani, watu wa ofisini, hata yule wa kusoma mita ya maji, na kila mmoja akifika pale anasimama, ananigeukia, anauliza, "Hii tepu ni ya nini?" Hakuna hata mmoja ambaye ameing'oa kwanza.