Taa ya Treni ya Baba

Juzi dukani Musoma niliona kichwa cha treni cha kuchezea, nikakumbuka harufu ya rangi kibarazani kwetu Nyakato. Baba alikuwa ameunda treni kwa makopo. Mimi nilipaka kijani, yeye akigundisha vitaa na vingazi. Akafika mgeni, mwenzake wa zamani wa reli.

Nikamwambia kwa majivuno, “Baba alikuwaga dereva wa treni!”

Mgeni alicheka mpaka akakohoa. Baba akabaki na kitaa mkononi.

“Nilikuwaga nafagia mabehewa, mwanangu.”

Hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa dereva. Mimi ndiye niliyedhani kwamba ajuaye kila taa ya treni lazima awe dereva. Leo najua kufagia ni kazi. Siku ile uso ulinichoma, nikainama, nikapaka tena palipokwishakauka.