Baiskeli Sifuri Malaba

Hakuna mwenye akili timamu anayevuka barabara kuu ya Malaba akiwa juu ya baiskeli. Okiror, ambaye amebeba mihogo kwa baiskeli kutoka Adungosi kwa miaka ishirini na sita, hushuka. Wenzake wote hushuka. Upande mmoja malori yanayosubiri forodha yamepangana mkia kwa pua, kilomita baada ya kilomita, na madereva wanachemsha chai kando ya magurudumu. Ukijipenyeza kati ya lori na lori huoni kinachokuja upande wa pili mpaka gurudumu lako la mbele liwe tayari limo barabarani. Kwa hiyo unashuka, unashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, unachungulia, unasukuma.

Akol alichungulia vizuri tu. Alikuwa shemeji yake Okiror na mbeba mizigo mwenzake, mtu mwangalifu mpaka wakamtania kwamba huangalia pande zote hata akivuka uwanja wa kanisa. Lori lililokuwa likilipita lingine lilimkuta na magunia mawili. Wakubwa walifika, wakapiga picha, wakasema baiskeli zinapakiwa kupita kiasi. Hebu niambie, maiti bado iko barabarani na mtu anaanza kupima mzigo wake.

Wiki moja baada ya mazishi Okiror aliandika barua ya kuomba daraja la kupita juu. Alipeleka karatasi yake kwa mpiga chapa, akazunguka nayo sokoni, watu mia tatu na kumi na wawili wakatia sahihi au kidole. Kisha akaanza kazi ya kufuatilia, na anayejua ofisi zetu anajua maana ya neno hilo. Njoo Jumanne. Mwenye faili ameenda semina. Barua gani hiyo, mzee? Miaka mitatu alikwenda na kurudi, na wenzake wakamfanya mwenyekiti wao, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na roho ngumu hivyo.

Mwaka jana, hatimaye, mkutano uliitishwa chini ya hema karibu na ofisi ya chifu. Kulikuwa na soda. Kulikuwa na mchoro mkubwa wenye rangi, na juu yake maandishi: Daraja la Watembea kwa Miguu na Baiskeli. Okiror aliuangalia kwa furaha. Halafu akaangalia tena. Akasogea karibu, akaanza kuhesabu kwa kidole.

Vidato hamsini na vinne vya kupanda. Vidato hamsini na vinne vya kushuka. Na pande zote mbili za barabara, uzio wa chuma mrefu wa kuziba kila upenyo.

"Boss," alimwambia Injinia Amollo, kijana mpole aliyetumwa na kampuni ya washauri kutoka Nairobi, "mimi na kilo mia moja hapa nitapanda aje?"

"Mzee, mwanzoni tulikuwa na njia ya mteremko," Amollo akasema. "Lakini tulihesabu wanaovuka siku tano mfululizo. Waendesha baiskeli hatukupata. Ikabidi tuiondoe, inakula ardhi kubwa."

"Hamkupata?"

Amollo akamwonyesha jedwali. Watembea kwa miguu, elfu nne mia sita na kitu kwa siku. Waendesha baiskeli, sifuri.

Siku tano! Vijana wa kuhesabu walikaa pale na kalamu zao, baiskeli zikawapita puani zikiwa na mihogo, makaa na ndizi za Uganda, na kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshuka ili asife, wakamwandika mtembea kwa miguu. Fomu haikuwa na safu ya mtu anayesukuma. Woga ule ule uliowafanya waombe daraja ndio uliowafuta kwenye karatasi. Mimi sijui kama hapo mtu acheke au avunje kiti.

Lakini kijana wa watu hakuwa amemaliza. Alitoa karatasi nyingine, akampa Okiror pamoja na kalamu. Kwa vile mradi uliombewa fedha kwa jina lile la miguu na baiskeli, ilitakiwa sahihi ya mwakilishi wa waendesha baiskeli, na bila hiyo mradi haungepita.

"Mwakilishi wa nani?" Okiror aliuliza. "Si mmeandika hakuna mtu? Sasa hiyo sifuri itashika kalamu aje?"

Watu wakacheka. Roselida hakucheka. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara, na binti yake Sheilah, wa darasa la nne, huvuka mara mbili kila siku ya shule.

"Mzee Okiror, weka sahihi," alisema. "Mtoto wangu anaweza kupanda ngazi. Yeye habebi mihogo."

Alikuwa amesema kweli, na hapo ndipo hasira ya Okiror ilipokosa pa kwenda. Akitia sahihi, watoto watapita juu salama, nao uzio utawafungia wabeba mizigo wote nje ya soko. Akikataa, atakuwa yeye ndiye aliyewanyima watoto daraja. Waliokosea kuhesabu walikuwa wamekaa kivulini na soda zao, na maskini wawili wa Malaba wakaachiwa wagombane.

"Rudini mhesabu," alisema mwishowe, akamrudishia Amollo kalamu. "Wote. Hata wenye kusukuma. Halafu nitaweka."

"Kuhesabu upya na kuchora upya ni kama mwaka mmoja, mzee."

"Mwaka," Roselida akasema. Aliinuka, akachukua ndoo yake ya omena, akaondoka bila kumtazama.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Okiror alifika barabarani na baiskeli tupu. Watoto walipokusanyika ukingoni, aliisukuma mpaka katikati ya barabara, akailaza, akasimama mbele yake na mikono juu. Lori lilifunga breki likilia. Dereva alimtukana kwa lugha tatu. Watoto wakapita. Tangu hapo hufanya hivyo kila asubuhi na kila jioni ya shule, na mihogo yake hufika sokoni wateja wazuri wameshanunua kwingine. Roselida alikuwa akimleta Sheilah mpaka ukingoni, anamwachia mkono, anageuka. Salamu hakutoa.

Mwaka ule ulikwisha mwezi uliopita. Hakuna aliyekuja kuhesabu. Okiror amepiga simu Nairobi mara nne, akaambiwa Injinia Amollo alihamishiwa mradi mwingine.

Juzi asubuhi alimgeukia Roselida, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama Sheilah, nambie ukweli. Ningeweka ile sahihi?"

Roselida alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya hema.

"Saa hii ndio unaniuliza?" alisema. "Simamisha lori, mzee. Watoto wanachelewa."