Jogoo wa Bibi na Neno "Wameridhia"

Juzi redio ilisema tena kwamba wananchi wa mahali fulani "wameridhia" kuhama. Niliizima kwa hasira hadi kitufe kikabaki mkononi. Neno hilo nalijua, rafiki yangu. Nililisikia nikiwa mtoto kwa bibi yangu, kijijini Mazingara, enzi za vijiji vya ujamaa.

Kwa bibi, mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajala. Kwa hiyo bwana wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini alipofika na makaratasi yake, bibi aliitikia shikamoo, akamwekea kigoda, nami nikatumwa kumkimbiza jogoo. Nilikuwa msichana wa mbio kweli. Bado nauona moshi wa kuni ukipanda kwenye mahindi ya mbegu, yaliyoning'inizwa juu ya meko yasiliwe na wadudu. Bwana akala, akalamba vidole. Ndipo akatamka: mnahamia kijiji kipya, kando ya barabara.

"Mwanangu, mimi siendi," bibi akasema. "Mvua hiyo inakuja. Nikihama sasa nitapanda nini?"

"Nimekuelewa, bibi," akajibu, akaandika.

Kwenye mkutano akasoma alichoandika: bibi amempokea vizuri, amemchinjia kuku, ameridhia. Bibi akasimama kukana. Akaambiwa akae.

Watu wa operesheni walikuja kuezua nyumba ya bibi mvua imeshatanda. Mbegu zote zikalowa, zikaoza kwenye kikapu tulichozibebea. Kijiji kipya kilikuwa na mazuri yake, sikatai; nilianzia darasa la kwanza pale. Lakini mwaka ule bibi, aliyezoea kuwagawia majirani mbegu, alipanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada, khanga ameivuta hadi machoni asitambulike. Hilo sijawasamehe, na sitawasamehe.

Sasa nami ni bibi, naishi Makuyuni. Wiki hii vijana wawili wenye ramani wamekuja uani kwangu kuzungumzia shamba langu. Waliniamkia kwa adabu, midomo imewakauka kwa jua. Jogoo wangu akapita mbele yetu. Sikuwapa hata maji. Niliwaacha wasimame mpaka wakamaliza maneno yao, nikawajibu hapana, nikawataka waiandike hapana hiyo nikiwatazama. Wakaandika.

Walipoondoka nililia. Bibi angeniona, angeuliza nimelelewa wapi.