Mikono Yangu Katika Filamu

Mpaka leo kuna watu wa mtaa wetu wa Katuba wakinikuta njiani wananiuliza, "Bwana yako muzungu iko muzima?" Nami najibu, "Iko muzima, anakusalimia," halafu napita. Zamani nilikuwa nasimama na kueleza. Nimechoka. Acha nieleze mara moja, kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimwambie akasome.

Mimi ni mshona nguo. Naishi kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenichukua kutoka kijijini Kasomeno nikiwa mdogo, akanilea, akaninunulia na cherehani. Shangazi ni mtu wa kanisa na wa desturi kwa pamoja, na akishasema neno lake hata mvua haimtoi hapo. Usipomjua hivyo hutaelewa chochote kilichonipata.

Walikuja wageni kutengeneza filamu ya kuchekesha, ila kucheka kwenyewe kulikuwa kwa uchungu. Mkubwa mmoja wa mgodi, mzungu, anataka kuoa binti wa mlinzi wa lango lake. Mama wa mzungu anapiga simu kutoka Ulaya kila siku, anaamini watu weusi watamla mwanawe pamoja na nyumba. Ukoo wa binti nao, ambao jana walikuwa wanaomba chumvi kwa jirani, ghafla wamekuwa wajukuu wa chifu. Na binti tayari ana mchumba. Basi familia inamsukuma mchumba huyo mbele ya mzungu na kusema, "Huyu ni kaka yake." Mzungu anamkumbatia, anampa kazi, anamwita shemeji. Ndiyo filamu yenyewe. Mimi niliitwa kushona nguo tu.

Kwetu, upande wa Kasomeno, mwanamume anayetaka kuoa hutuma mtu na sahani mbili ndogo nyeupe, moja imeifunika nyingine, na ndani kuna shanga. Binti anapiga magoti, anapokea kwa mikono miwili, anampa shangazi yake. Sahani zikibaki, amekubali. Zikirudishwa, amekataa. Hakuna karatasi, hakuna mhuri.

Filamu ilikuwa na sehemu hiyo, mzungu anamtumia binti sahani. Sasa mwigizaji, mrembo kweli kweli, alikuwa amelelewa Ulaya na hakujua kupiga magoti. Alichuchumaa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mara tano, mara sita. Mwongozaji akakasirika, akasema basi, tupige picha ya mikono na mgongo tu, nani hapa anajua kupokea? Na mimi, mdomo wangu huu usiokaa mahali pamoja, nikasema najua. Nikavishwa nguo niliyoishona mwenyewe. Akatakiwa pia shangazi wa kukaa kwenye mkeka. Wangu alikuwa palepale, amekuja kunisaidia kubeba nguo.

Walimwambia aseme chochote, kwa lugha yoyote. Jamani, shangazi yangu hajui kusema "chochote", yeye husema la kweli tu! Alinyoosha miguu, akaanza kwa Kibemba. Akautaja ukoo wetu. Akawaita marehemu wetu mmoja mmoja, akawaambia kwamba mtoto wao, kwa jina langu mimi, si la binti wa filamu, amepata mtu. Mwongozaji machozi yalimtoka kwa furaha. Alisema hajawahi kuona uigizaji wa namna ile. Uigizaji! Mimi nilijua si uigizaji, lakini nikaendelea kupiga magoti, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitaka tumalize.

Mwenye vyombo vya sinema alipokuja kuzichukua sahani, shangazi alikuwa ameshazifunga kwenye kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. "Sahani hairudi siku ile ile," akasema. "Munataka huyu mutoto akose bwana?" Yule bwana akacheka, akamwachia. Tulicheka wote. Sahani zikaenda kukaa juu ya kabati letu, nami nikazisahau.

Filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa shule moja mjini, nilikwenda na mchumba wangu na mama yake. Mchumba wangu alikuwa fundi wa umeme, mtu wa sauti ya polepole, tumengojana miaka minne. Ukoo wao umetoka kaskazini ya Katanga. Babu yake alikuja na kazi ya reli, na hilo wanalitaja kila wanapokaa mezani, utadhani reli ilianzia sebuleni kwao. Wakatoliki wa benchi ya mbele. Sisi tuliotoka Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, mama yake alituita "bantu ba ku pori," watu wa porini, kwa kutania eti. Mimi sikuwahi kucheka.

Lakini siku ile tulicheka pamoja. Ilipofika pale "huyu ni kaka yake," ukumbi ulilipuka. Mama yake alijipiga mapaja mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Mchumba wangu akaniinamia sikioni: "Ule mwanaume hana haya hata kidogo." Nilimpenda upya kwa neno lile.

Jumapili moja baada ya misa wakaja kwetu rasmi: yeye, mama yake, na baba yake mdogo ndiye msemaji. Nasema ukweli, waliiheshimu desturi yetu, walikuja na sahani mbili nyeupe. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, mikono iko mbele, wakati shangazi alipokohoa.

"Hatuwezi kupokea," akasema. "Mu hii nyumba sahani iko tayari."

"Ya nani?" akauliza mama wa mchumba.

Shangazi akaonyesha kabati kwa kidevu. "Ya muzungu."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona hakuna mwenzangu. Nikamwambia, "Tantine, ile ilikuwa sinema!"

"Sinema ni ya bale. Miye niliita ba nkambo. Ba nkambo banajua sinema?"

Ba nkambo ndio wale marehemu aliowaita kwenye mkeka. Nikamwambia basi tuzitoe pale juu, turudishe, yaishe. "Nimurudishie nani?" akaniuliza. "Kabati?" Sahani hurudishwa mkononi mwa aliyezituma, na aliyezituma, yule mwigizaji mzungu, alisharudi Ulaya, mzee wa watu, labda anakula supu, hajui kwamba ana mke Katuba. Mchumba wangu na watu wake wakaziacha sahani zao juu ya cherehani yangu: hazijapokelewa, hazijakataliwa. Nilimkasirikia shangazi, nikawakasirikia marehemu, nikaukasirikia mdomo wangu uliosema "najua."

Ajabu ni kwamba mama wa mchumba hakukasirika. Mlangoni alinishika kiwiko, akaniuliza taratibu, "Na ule muzungu, mu kweli, iko na muke?" Nikadhani ananisimanga. Nikamjibu sijui.

Nilimtafuta dada mmoja wa hapa mjini aliyekuwa msaidizi wa ile filamu. Akaniandikia barua nzuri kwa yule mwigizaji mzungu: kwamba tunamheshimu, kwamba hana kosa, azipokee tu sahani zake kwa mkono wake mwenyewe, nami niwe huru niolewe. Msafiri mmoja akabeba barua pamoja na sahani. Tukangoja miezi mitatu. Kila wiki mchumba wangu aliuliza, "Amejibu?" na mimi moyo wangu ulikuwa unajaa, nikisema kumbe huyu mtu ananitaka hivi.

Jibu likaja. Kifurushi. Nikakifungua mbele ya shangazi, na ndani, zimeoshwa, zimefungwa kwa karatasi laini, zilikuwa sahani zile zile mbili. Moja imeifunika nyingine. Katikati yake mkufu wa dhahabu, mwembamba, mzuri. Na kadi: ameguswa sana na zawadi yetu, lakini vitu vya ukoo vinapaswa kubaki kwa wenyewe, basi anavirudisha pamoja na ukumbusho mdogo kwa yule mwenye mikono mizuri.

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yangu mama! Amerudia! Mara ya pili! Basi huyu anakupenda kweli!"

Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Mtu unamtumia kukataa, yeye anakuposa! Nikachukua mkufu na kadi, nikaenda moja kwa moja kwa mchumba wangu kwenye kibanda chake cha kazi. Nilitaka mtu mmoja tu katika mji huu wote acheke na mimi, aseme shangazi yako ana wazimu, twende kwa padri tufunge ndoa.

Alikuwa anatengeneza feni. Akafuta mikono, akauchukua mkufu, akauinua kwenye mwanga, akautazama muda mrefu. Kisha akaigeuza kadi nyuma na mbele.

"Iko na adresi," akasema.

"Ndiyo. Na iko ya nini?"

"Usimujibu na kasirani." Sauti yake ilikuwa ile ile ya polepole. "Unajua, muntu anaweza kwenda kule miaka mbili, tatu. Kiisha anaita bantu bake. Miye nitangoja."

"Bantu bangu banani?"

"Utasema miye ni kaka yako."

Nilingoja acheke. Nakuapia nilingoja. Nilimtazama mdomo, nikisema sasa hivi utacheka, huyu ananitania, ni yule yule aliyeniinamia sikioni ukumbini. Akachukua bisibisi yake. "Mama naye anasema ile haiko zambi," akasema. "Anasema ni akili."

Kwa hiyo walishaongea. Walikaa mezani kwao, wakaongea juu yangu, yeye na mama yake, na miezi mitatu yote alipouliza "amejibu?" alikuwa anauliza hilo. Akufukuzaye hakuambii toka. Nikachukua mkufu wangu mkononi mwake, nikaondoka, na njia nzima nililia kwa hasira, waziwazi, watu wakinitazama.

Asubuhi yake nilivaa kikwembe changu kizuri. Nikazitoa sahani za mchumba, zile walizoziacha juu ya cherehani, kwenye boksi la uzi nilikozihifadhi, nikahakikisha moja imeifunika nyingine vizuri, shanga ziko ndani. Shangazi aliniona. Akanifungia kitambaa kichwani kikae sawa.

Mama wa mchumba nilimkuta uani kwao anachambua mboga. Nikapiga magoti, kama inavyotakiwa, nikazinyoosha kwa mikono miwili. Akazipokea kabla hajaelewa ni nini. Kisha akaelewa, na uso wake ukang'aa, kweli ulikuwa na furaha.

"Basi umemukubali muzungu?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaturudishia juu ya nini?"

"Mama, kwetu ku pori muntu haolewake na kaka yake."

Mboga zilimwanguka. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Filamu alikuwa ameiona, na pale pa kaka ndipo alipocheka kuliko wote.