Ng'ombe wa Mahari ya Dada Vero

Nikisikia harufu ya siagi ikiyeyuka sufuriani, hata leo nacheka. Siagi hunirudisha Gisenyi, miaka ya hamsini, siku watu wa Nyakiriba walipoleta mahari ya dada yangu Veronika. Nilikuwa na miaka saba, na Vero ndiye aliyenisuka, aliyenifulia na kunikingia fimbo za mama.

Baba alikuwa fundi cherehani mjini, na kwetu hapakuwa na ng'ombe. Sikujua, basi, kwamba ng'ombe wa mahari haingii uani kimyakimya. Alitanguliwa na mzee mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kumghania sifa. Mzee alisimama mbele ya wageni akaanza kwa Kinyarwanda, mbio mbio, bila kuvuta pumzi: huyu ndiye asiyerudi nyuma, aliyewavunja maadui mtoni, pembe zake hazijakauka damu, aliyemkabili hakurudi kwao.

Wanaume walitikisa vichwa kwa raha. Mimi niliingiwa na baridi. Nilielewa kila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Nilijua mzee anatabiri: dada yangu anapelekwa kwa wauaji, wala hatarudi. Nilimtazama Vero, nikaona ameinamisha macho, nikadhani amekwisha kubali kufa. Nilimtafuta mama nimwambie, lakini hakuwepo uani.

Watu walipoingia ndani kunywa, nilifungua kamba ya yule ng'ombe nikamchapa kwa kijiti. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bila mahari hakuna harusi. Lakini muuaji wetu alitembea hatua ishirini tu, akasimama kwenye maharage ya jirani, akaanza kula. Nilimsukuma, nikamvuta mkia, nikalia. Mzee alinikuta hapo.

"We mutoto, unamupeleka wapi?"

"Arudi kwao. Mi sitaki amuue Vero."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. Alinishika mkono akaupitisha juu ya pembe, taratibu, hadi kwenye ncha.

"Damu iko wapi?"

Hapakuwa na damu. Palikuwa na siagi waliyompaka ang'ae.

"Bon, vizuri. Huyu hajapiga hata mbwa. Ngombe tunamusifu na maneno ya vita, sababu ni kitu kikubwa kwetu. Nikisema anakula majani, anatoa maziwa, nani atasikiliza?"

"Na Vero?"

"Vero atakuja hapa kusalimia, mpaka mutachoka naye."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikakaa chini katikati ya maharage, nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Mzee alimrudisha ng'ombe na kuwaambia watu kwamba kamba ilifunguka yenyewe. Vero naye alikuja kusalimia, mara nyingi, kila mara akiwa amenenepa zaidi.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama mzaha juu ya ujinga wangu. Kisha ikafika zamu ya binti yangu kuolewa. Ng'ombe walipoletwa nilikimbilia jikoni, nikafunga mlango, nikalia kama mtoto. Huko nje mghani alikuwa akiwachinja maadui kwa sauti ya kupasua masikio, na hakuna mgeni hata mmoja aliyenisikia. Ndipo nilipojua kwa nini, siku ile ya Vero, sikumwona mama uani.