Mtungi Uliogeuziwa Ukutani

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya neno moja: asili. Lilikuwa kwenye kadi nyeupe chini ya mtungi, katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini. "Mtungi wa asili, Kanda ya Ziwa." Basi. Jina la mtu hakuna.

Nilikuwa nimeenda kutazama kitu kingine. Ukumbi ulileta picha za Waaborijini, wenyeji wa kwanza wa Australia. Si za kale. Ni picha za siku hizi, za bibi mmoja, binti zake wawili na mjukuu wake. Turubai kubwa, nukta juu ya nukta, rangi ya vumbi la kiangazi. Kadi yao ilitaja majina yote manne, ikaeleza kwamba mchoro ule ni wa ukoo wao, na asiyepewa ruhusa hauchori. Mimi kadi siziamini haraka. Nilijiuliza ni nani anayeweza kumzuia mtu mwenye brashi yake. Nikageuka kuondoka, ndipo nikauona mtungi katika kona waliyoipa jina la "Nyumbani".

Mwenzake uko jikoni kwetu Mabatini, na maji yake nimeyanywa tangu utoto. Tulipewa na Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa Ukerewe. Alama ni zile zile chini ya shingo, kama nyayo za ndege kwenye matope. Nikamwambia msimamizi kwamba mfinyanzi namjua, aandike jina lake. Akanijibu kwa upole kwamba mtungi ulinunuliwa sokoni Nansio, na mitungi ya kule yote inafanana.

"Lete uthibitisho, dada," akasema. "Jumapili tunafunga maonyesho."

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye meli ya Nansio. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa Mkuyuni, amekalia furushi la ndoo za plastiki. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia naenda kwa mfinyanzi. Akacheka mpaka akashika kiuno. Alisema amepeleka ndoo kisiwani miaka mingi, na hajaona mtungi ukirudi kumdai nafasi. Nikamuuliza mkewe anaweka wapi maji ya kunywa. Akatazama ziwa, akasema mkewe ni mshamba.

Mchana, Nansio. Pikipiki ilinipitisha kwenye mashamba ya mihogo na michungwa hadi nyumbani kwa Mama Mkubwa, ambaye nilimkuta uani ameketi chini, miguu ameinyoosha, mtungi mbichi mbele yake.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Huko chuo mlikuwa mnakula maswali?"

Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha picha ya mtungi kwenye simu. Aliitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena.

"Wa kwangu. Lakini wameugeuza. Pengo liko wapi?"

Sikujua pengo gani. Akachukua msuko wa nyasi, mwembamba kama kidole cha mtoto, akauviringisha kwa kiganja juu ya udongo mbichi. Nyayo za ndege zikazunguka shingo ya mtungi. Karibu mduara ukutane, akainua mkono. Ikabaki sehemu tupu, upana wa vidole viwili.

Alieleza kwamba msuko ule si wa kwao alikozaliwa. Alipewa na mama mkwe wake, Nyangeta, ambaye naye alipewa na mama mkwe wake, Nyabweke. Binti wa nyumba hafundishwi, kwa kuwa ataolewa na kuupeleka kwa watu. Anafundishwa mke anayeingia. Na pengo linaachwa kwa ajili ya mke anayefuata, mduara haufungwi.

Jikoni kwetu pengo hilo tumeligeuzia ukutani miaka yote. Tulidhani ni kasoro.

"Na wake za wanao?" nikauliza.

Mmoja yuko Igoma, ana duka la simu. Mwingine amesema udongo unamharibia kucha. Mama Mkubwa alilisema hilo bila uchungu, akilainisha mdomo wa mtungi kwa kitambaa.

"Basi nifundishe mimi."

"Wewe ni mtoto wa dada yangu. Utaolewa."

"Nani kasema nitaolewa?"

"Hata usipoolewa, msuko si wangu niugawe."

Tulibishana mpaka ugali wa muhogo ukaiva, tukabishana tukila. Nilimwambia kanuni inayoua kazi yenyewe ni kanuni mbovu. Akaniambia mtu wa kuingia juzi asipangue nyumba. Hakuna aliyeshinda. Ila asubuhi, nikiaga, alinishika mkono.

"Usiandike jina langu peke yake. Mkono ni wangu, alama si yangu. Waandike wote watatu. Wakikataa, mtungi wangu nauomba urudi."

Jumamosi nilirudi ukumbini. Watazamaji walikuwepo wengi. Nikauzungusha mtungi mwenyewe, na pengo likatokea, vidole viwili kamili. Msimamizi akaja mbio, akasema upande ule una dosari, ndiyo maana waliuficha. Nikamwambia uthibitisho alioutaka ndio huo, nikamweleza habari za wakwe watatu. Akakubali jina moja. Matatu, alisema, kadi haina nafasi.

Nikamwonyesha ukuta wa Waaborijini.

"Pale majina manne yameenea, kaka. Ya kwetu matatu yamekosa nafasi? Basi nipe mtungi niurudishe kwa mwenyewe."

Nikaukumbatia. Mzee mmoja akasogea kuchungulia pengo, mwanamke akauliza ni nani hao watatu, na mimi nikayasema majina kwa sauti mpaka msimamizi akaomba kalamu. Aliandika: Nyabweke, Nyangeta, na la Mama Mkubwa mwenyewe, Veronika. Neno "asili" nilimwomba alikate. Akalikata.

Siku hizi nikilisikia neno hilo nauliza: asili ya nani, anaitwa nani? Mara nyingi aliyelitumia hakuwahi kuuliza.

Jikoni kwetu nimeugeuza mtungi, pengo linatazama mlango. Nilimpigia Mama Mkubwa kumwambia. Akasema nije msimu wa kuchimba udongo mtoni, nimbebee.

"Kubeba tu," akasema. "Kufundisha sijasema."

Nitaenda. Na kule mtoni, nikiwa na udongo kichwani, nitamuuliza tena.