Kichwa cha Adui Kilikuwa Boga la Bibi

Enzi zetu, ninyi mliokulia Chiola mtanikubalia, upanga ulikuwa bua la mtama, na samurai alikuwa mtoto yeyote aliyejifunga kaniki ya mama yake kiunoni. Aliyetuletea samurai, wapiganaji wa kale wa Ujapani, ni baba yangu mdogo. Alirudi kutoka vita vya Burma, akawa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, na kila alipokuja nyumbani alitusimulia mchezo alioona mateka wa Kijapani wakiuigiza kambini. Bwana anauawa kwa hila, watumishi wake wanaapa kufa pamoja, wanamvizia adui, kisha wanaweka kichwa chake juu ya kaburi la bwana.

Basi tukapagawa! Mikorosho ikawa ngome, kichuguu kikawa kaburi, na mimi, pamoja na usichana wangu, nikawa mtumishi mwaminifu kuliko wote. Adui alikuwa Somoe, binti wa shangazi, yaani mtani wangu, mtu niliyeweza kumtukana mchana kutwa naye asinune. Siku hiyo nilitaka kichwa chenye uzito. Nikashusha boga kichanjani, nikalipasua kwa panga la kweli. Tulishangilia hadi sauti zikakauka, na kuku wakajilia mbegu.

Kumbe lilikuwa boga la mbegu la bibi, hana jingine, na mvua zimekaribia.

Bibi akatoka na fimbo ya mpera. "Nani kapasua boga langu?"

Samurai wenzangu walioapa kufa pamoja walikuwa wameshavuka mto. Nilibaki mimi na Somoe. Nilijua ni zamu yangu kusema, lakini niliogopa ile fimbo.

"Mie, bibi," akasema Somoe.

Alichapwa mbele yangu.

Siku hizi wajukuu zangu hapa Ruangwa hutazama samurai kwenye simu, wanaua watu mia kabla ya chai. Uliza nani kavunja kikombe, kila mmoja anamtaja mwenzake. Nawacheka, ila sina ubavu wa kuwacheka sana.

Somoe alipofariki, nilisimama mlangoni kama mtani, nikalizuia jeneza. "Hatoki huyu, alipasua boga la bibi!" Watu wakacheka, kama desturi inavyotaka.

Kisha nikawaambia kwamba boga nililipasua mimi, nikawapisha wapite.